Uchambuzi wa Kisa: Hereni Mbili Ndani ya Kiberiti

Usuli

Kijiji kiko pwani ya Tanzania bara. Jina lake nimeliacha, na la kikundi chetu, na ya wahusika wote. Namba za hereni tulizowavisha kasa nazo sizitaji, maana zingetosha kumfikisha msomaji mpaka mlangoni kwa mtu.

Nilikuwa msimamizi wa elimu kwa jamii katika kikundi kidogo cha kuhifadhi kasa. Walinzi wa viota walikuwa wanne, wote wazaliwa wa hapo. Kazi yao ilianza kabla ya alfajiri: kutembea ufukwe mzima kutafuta njia ya kasa aliyepanda usiku, ile michirizi mchangani utadhani trekta limepita, kuweka alama kwenye kiota, kukihamisha kama kimekaa mahali ambapo maji ya bamvua yatakifikia, kisha kungoja siku hamsini na kitu, wakati mwingine sitini, mayai yaanguliwe.

Ukihesabu viota hujahesabu kasa. Kasa wa kawaida, yule ambaye vitabu humwita kasa wa kijani, hutaga mara kadhaa katika msimu mmoja, kila baada ya wiki mbili hivi, mayai mia moja na zaidi kila mara. Halafu huondoka akakaa miaka miwili, mitatu au hata zaidi ndipo arudi kutaga tena. Kwa hiyo viota kumi vinaweza kuwa vya kasa kumi, na vinaweza kuwa vya kasa watatu. Huwezi kujua mpaka uwe na njia ya kumtambua mmoja mmoja.

Ndiyo maana mwanzoni mwa masika ya mwaka ule tulianza kuwavisha majike vibati vya titani. Kibati hubanwa kwa koleo maalumu kwenye ukingo wa pezi la mbele, kimoja kila upande, ili kimoja kikidondoka kingine kibaki. Upande mmoja kina namba. Upande wa pili kina anwani na maneno machache ya Kiingereza yanayosema kirudishwe, zawadi ipo. Kwenye daftari tuliandika "vibati". Kijijini vikawa hereni siku hiyo hiyo, kwa kuwa watu walishaziona hereni za ng'ombe, nami nikaona ni jina zuri kuliko letu.

Jike la kwanza kuvishwa lilikuwa kubwa, lenye pengo kwenye ukingo wa gamba upande wa nyuma. Mmoja wa walinzi, kijana mkimya ambaye humu nitamwita Mlinzi, alimwita Bi Mkubwa. Aliapa kwamba alishamwona miaka ya nyuma kwa pengo lile lile. Hatukuwa na namna ya kuthibitisha, lakini usiku ule alimwagia maji machoni kuondoa mchanga kama mtu anayemnawisha mzazi wake.

Tulivyofundisha

Elimu yetu ilikuwa na nyimbo tatu. Ya kwanza huruma: tuliwapeleka watoto wa shule na wageni ufukweni kutazama vifaranga vikikimbilia baharini, na hapo hakuna asiyetabasamu. Ya pili sheria: Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake za mwaka 2009, zinazokataza kumvua, kumuua au kumiliki kasa na mayai yake. Ya tatu sumu. Machi 2024, kisiwani Panza, Pemba, watu 9 walikufa baada ya kula nyama ya kasa, 8 kati yao watoto, na makumi wengine walilazwa. Baada ya msiba huo tuliona tumepata hoja isiyo na majibu.

Kisha ukaja mkutano wa kijiji. Nilipewa dakika kumi. Nikaeleza kuhusu hereni, nikamalizia kwa sentensi ambayo ndiyo kisa chenyewe:

"Atakayetuletea hereni ya kasa atapata shilingi elfu kumi na fulana."

Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti, kwa nia njema kabisa, akairudia kwa sauti kubwa zaidi.

Nilichokuwa nacho kichwani ni kasa aliyekufa na kutupwa ufukweni na mawimbi, mtu akamkuta, akaleta namba tuandike mahali na tarehe. Hicho sikukisema. Nilichukua maneno ya kwenye kibati nikayaweka katika Kiswahili kama yalivyo.

Yaliyotokea

Wiki sita baadaye, kusi limeshaanza kuvuma, alikuja ofisini kijana wa miaka ishirini na kitu. Ofisi yenyewe ni chumba kimoja chenye dirisha linalotazama njia ya kwenda sokoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Karibu ndani."

Akatoa mfukoni kisanduku cha kiberiti, akakisukuma kwa kidole gumba, akaniwekea mezani. Ndani mlikuwa na hereni mbili. Moja ilikuwa bado imeshika kipande cha ngozi, kigumu kama ukoko wa wali, na chumba kizima kikajaa harufu. Nilisoma namba mara mbili. Alikuwa Bi Mkubwa.

"Ziko mbili," alisema. "Kwa hiyo ni elfu ishirini, na fulana mbili."

Hakuwa anajificha wala hakuwa na haya. Nilipomuuliza alivyozipata alisimulia moja kwa moja: walikuwa dago, yaani kambi ya muda ya wavuvi, kisiwa cha mbali kidogo, jarife, wavu ule wenye matundu makubwa, lilitegwa wakati wa magharibi karibu na majani ya bahari, alfajiri walipolivuta wakamkuta ndani, ameshakufa maji. Wakagawana nyama. Yeye akakumbuka aliyoambiwa na mama yake kuhusu hereni, akaomba mapezi.

Kwamba kasa anakufa maji huwashangaza wageni lakini si wavuvi. Anapumua kwa mapafu kama sisi. Akinaswa chini usiku kucha bila kupanda kuvuta pumzi, mwisho wake ndio huo. Kwa hiyo maelezo ya kijana yanaingia akilini. Kama ni ya kweli sina hakika hadi leo, na sikuona faida ya kumbana.

Uamuzi wa kwanza: kulipa

Tulikuwa watatu mle ndani, na nusu saa ya kuamua. Njia zilikuwa tatu: kumpigia simu afisa uvuvi aje amkamate, kumnyima na kumsema, au kumlipa.

Tulimlipa. Si mara mbili, mara moja, na fulana moja. Sababu zetu zilikuwa kwamba ahadi ilitolewa mbele ya kijiji kizima, na kwamba huyu ndiye mvuvi wa kwanza kuingia mlango ule kwa miguu yake. Akiondoka na pingu hataingia wa pili. Jioni ile ile tulimweleza mwenyekiti wa BMU, kikundi cha kijiji cha kusimamia uvuvi, na afisa uvuvi kilichotokea, bila jina, na afisa alikubali kuliacha kwa mara hiyo.

Kabla ya kumkabidhi pesa nilimtengenezea chai nikamwomba anichoree. Alichora nyuma ya karatasi ya mahudhurio: kisiwa, mkondo, sehemu yenye majani, mahali jarife lilipolazwa na upande lilikoelekea. Nyavu zilitegwa magharibi, hazikuguswa mpaka alfajiri. Mchoro ule wa dakika tano ulituambia kuhusu vifo vya kasa mambo ambayo misimu miwili ya mabango haikutuambia.

Mlinzi hakukaa kushuhudia malipo. Alitoka nje, na siku nne hakunisemesha. Aliposema, alisema hivi: "Mmemnunulia kitoweo chake."

Wiki tatu zilizofuata

Pesa ilitolewa dirishani, na dirisha linatazama njia ya sokoni. Hilo peke yake lingetosha.

Kwanza alikuja mzee mmoja na hereni ya ng'ombe, ya plastiki ya njano, akidai elfu kumi yake. Tulicheka wote, yeye pia, ila kicheko chake kilikuwa cha kujaribu bahati. Kisha mtoto wa darasa la tano akaniuliza kama hereni zetu zinauzwa dukani Dar es Salaam. Kisha zikaja hereni mbili nyingine, zimefungwa kwenye mfuko wa nailoni, mletaji akisema amezikuta tu mchangani. Hazikuwa na ngozi. Zilikuwa zimesafishwa vizuri.

Lililotuamsha halikuja ofisini. Asubuhi moja Mlinzi alikuta njia ya kasa aliyepanda akageuka bila kutaga, na pembeni yake nyayo za watu wawili. Usiku wa pili yake jike lile likapanda tena. Pezi la kushoto lilikuwa na hereni. La kulia ukingo wake ulikuwa umechanika, nyama nyeupe inaonekana, na mchanga umejaa ndani. Mtu alikuwa ameing'oa hereni kwa mkono, kasa akiwa hai, halafu bila shaka akakatizwa na kitu kabla ya kufika ya pili.

Hapo tulikuwa hatufundishi tena. Tulikuwa tumefungua soko.

Uamuzi wa pili: chini ya mkungu

Asubuhi iliyofuata tulisimamisha zawadi. Mwenzangu mmoja alitaka tutangaze kwa kipaza sauti pamoja na onyo la polisi. Nilipinga. Tulishawahi kusema jambo hili kwa kipaza sauti na tulikuwa tunaona matunda yake.

Kuna mti wa mkungu karibu na pwani ambapo manahodha hukaa alasiri kushona nyavu. Nilimwomba mwenyekiti wa BMU anipeleke, nikaenda mikono mitupu, bila picha wala fulana. Nilikaa kwenye gogo nikasema nilichosema mkutanoni, nikaeleza kilichotokea, nikakiri kosa lilikuwa la kauli yangu. Kikapita kimya. Nahodha mkubwa kuliko wote, sindano ya nyavu mkononi, hakuinua macho.

"Nyinyi, mwanangu, mnataka kasa au mnataka hereni?"

Nikasema tunataka kasa aliyevaa hereni, akiwa hai.

"Basi ungesema hivyo."

Baada ya hapo walizungumza wao kwa saa nzima. Nahodha yule alieleza babu yake alivyokuwa akivua kasa kwa chazo, samaki mwenye kinata kichwani: anafungwa kamba mkiani, anaachiwa karibu na kasa, anamgandia, na mvuvi anavuta taratibu. Alieleza mahali kasa wanapolala mchana, majira wanayoingia kwenye majani, na ni upande gani wa mkondo jarife halimkosi kasa. Mambo ambayo mtafiti huyalipia mafuta ya boti kwa mwaka mzima yalikuwa yamekaa chini ya mti, mita mia mbili kutoka ofisini kwetu.

Pia walitoa lalamiko lao, na lilikuwa la haki. Kasa aliye hai ndani ya jarife ni hasara: anapasua nyavu, na kumtoa bila kumuumiza ni kukata nyuzi zaidi. Sisi tulikuwa tunawaambia wamwachie, bila kuuliza nani anashona.

Tulikubaliana mambo machache. Hereni ikiletwa mkononi haina malipo, iwe imepatikana vipi. Namba ikisomwa kasa akiwa hai, kwa simu au kwa picha, kisha akaachiwa, nahodha anapata nyuzi za kushonea, si pesa. Jarife lililo karibu na majani likaguliwe usiku wa manane, lisisubiri alfajiri.

Suala la nyuzi badala ya pesa lilitugawa. Kule Watamu, Kenya, kwa zaidi ya miaka 20 wavuvi wanaopiga simu kuhusu kasa aliyenaswa kwa bahati mbaya hupewa kiasi kidogo cha fedha, na kasa wengi wameachiliwa kwa njia hiyo. Mwenzangu aliutetea mfano huo, na ni mfano mzuri. Mimi niliona kijiji ambacho kimeshaonja elfu kumi kwa hereni kitahitaji muda kabla ya kuona noti na kasa kwenye sentensi moja.

Matokeo

Msimu uliofuata hakuna hereni iliyoletwa ofisini mkononi isipokuwa moja, ya kasa aliyetupwa na mawimbi akiwa ameshaoza, na aliyeileta alitupigia kwanza twende tukamwone. Simu za namba zilikuja. Si nyingi, na karibu zote kutoka kwa manahodha wawili wa pale mkunguni. Ukaguzi wa usiku wa manane hufanyika mwezi mpevu. Siku za giza na upepo, mara nyingi hapana.

Jike lililochanwa pezi lilitaga. Mlinzi alikaa naye mpaka akarudi majini. Kijana wa kiberiti hajawahi kuleta kitu kingine, ila tukikutana sokoni ananiamkia na kuniuliza habari za "bibi zenu".

Uchambuzi

*Kitenzi.* Kosa kubwa halikuwa zawadi, lilikuwa neno "kuletea". Ukimwambia mtu akuletee kitu, umemwambia kitu hicho kiwe mkononi mwake. Na hereni ya kasa haiwi mkononi mwa mtu mpaka kasa awe amekufa au amejeruhiwa. Maneno ya kwenye kibati yaliandikwa kwa kudhani msomaji atamkuta kasa tayari amekufa. Kwa mwenye jarife, kasa hafiki akiwa "tayari" kitu chochote; kuna dakika chache ambapo yeye ndiye anayeamua. Sentensi ya kufundishia ilipaswa kupimwa dhidi ya dakika hizo. Sasa tunasema: "Soma namba, tupigie, mwachie." Haina ufasaha wowote, na ndiyo inayofanya kazi.

*Nani alikuwa mkutanoni.* Mkutano ulifanyika saa nne asubuhi. Watu wa jarife hurudi alfajiri, hugawana, huuza, hulala. Waliokaa mbele yangu walikuwa wakulima, wanawake, wazee na watoto. Kauli ikawafikia wavuvi kwa kupitia mama zao na watoto wao, imepungua kila mdomo ilipopita, mpaka ikabaki "hereni, elfu kumi". Nilikuwa na orodha ya mahudhurio yenye majina mengi niliyojivunia kwenye ripoti. Hakuna safu iliyouliza: una jarife?

*Vifaranga.* Hapa ndipo ninapojilaumu zaidi, kwa kuwa sayansi yake si mpya. Mwaka 1987 Deborah Crouse na wenzake walichapisha hesabu kuhusu kasa duvi wa kusini mashariki mwa Marekani, na ikaonekana kwamba hata ukilinda mayai kwa kiwango cha juu kabisa, idadi itaendelea kushuka kama wakubwa na wanaokaribia ukubwa wanakufa kwenye nyavu. Inasemekana katika vifaranga elfu moja huenda akafika utu uzima mmoja, na kwa kasa wa kawaida utu uzima unaweza kuchukua miaka ishirini mpaka arubaini. Bi Mkubwa alikuwa yule mmoja. Sisi tulipanga viti na kuita wageni kwa ajili ya wale elfu, kwa sababu wanapendeza kwenye picha, na hatukuwa na somo hata moja kuhusu jarife.

*Sumu.* Kijana yule na wenzake walikula nyama miezi si mingi baada ya msiba wa Panza, na habari walikuwa nazo. Nilipomuuliza alijibu, "Nimekula tangu mtoto." Ni kweli, na ndipo hoja yetu ilipodondokea. Tulisema "kasa ana sumu". Yeye ana ushahidi wa maisha yake mwenyewe kwamba si hivyo. Usemi sahihi ni kwamba si kila kasa ana sumu. Kwamba yule mwenye nayo huwezi kumjua kwa macho, harufu wala ladha. Kwamba kupika hakuiondoi. Na kwamba dawa yake haipo. Tulipobadilisha tukaanza kusema hivyo, na kuongeza kwamba mtoto anaweza kudhurika kwa maziwa ya mama aliyekula, walioguswa walikuwa wanawake wanaonyonyesha. Wanaume wachache.

Swali la namna hiyo, la kusema ukweli wote au kunyamaza, lilirudi Oktoba 2025, IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ilipomwondoa kasa wa kawaida kwenye kundi la walio hatarini kutoweka duniani. Mwenzangu alitaka tunyamaze, kijiji kisisikie. Tulisema, na tukasema sababu: kule Aldabra, Shelisheli, ambako wamelindwa tangu mwaka 1968, majike yanayopanda kutaga yameongezeka mara kadhaa, na baadhi yao ndio hao wanaokula majani huku kwetu. Ng'amba, kasa wa magamba ya thamani, bado yuko hatarini kabisa. Nahodha mmoja alisema basi tunamlisha kasa wa Shelisheli. Nikamwambia ndiyo, na wao wanamlea wa kwetu.

*Kulipa.* Ningelipa tena. Mlinzi bado anaona nilikosea, na sijapata jibu linalomtosha. Ninachokubali ni kwamba tulilipa dirishani, mchana, bila kubadilisha tangazo siku hiyo hiyo. Kati ya hereni za kwanza na kusimamishwa kwa zawadi zilipita wiki tatu, na jike moja lilichanwa pezi ndani ya wiki hizo. Hizo ni zetu.

*Kisichotatuliwa.* Makubaliano ya mkungu ni ya manahodha wa kijiji. Dago huleta watu wa kutoka mbali, wenye nyavu zao, manahodha wao na pwani zao za kurudi, na Bi Mkubwa alifia dago. Kaskazi iliyopita nilipanda mashua mpaka kisiwa kile na mchoro wa kijana mkononi. Kambi ilikuwa imeshavunjwa. Palikuwa na majivu, mafungu ya vigogo vya kukaushia samaki, na gamba moja kubwa limegeuzwa juu chini, limejaa maji ya mvua. Nilipapasa ukingo wake wote kutafuta pengo. Halikuwapo; alikuwa mwingine.